Fumbo Kwanza, Kanuni Baadaye

Ndugu msomaji, juma hili tuongee juu ya hesabu. Usikunje uso. Najua kwamba wengi wetu tukisikia neno hilo twakumbuka ubao uliojaa tarakimu, fimbo juu ya meza, na mwalimu anayengoja jibu huku darasa zima limenyamaza. Lakini habari hii ni ya nyumba zetu kama ilivyo ya shule. Kwa hiyo nakuomba twende pamoja hata mwisho.

Wazazi wanaofika ofisi ya parokia hapa Igowole kuandikisha ubatizo au kuomba cheti cha ndoa, mara nyingi hukaa kidogo wakaongea habari za watoto wao. Kwa kuwa wanajua nimesoma chuo cha ualimu, huniambia, "Karani, mtoto wetu ana akili, lakini hesabu hana." Na kama mtoto mwenyewe ni wa kike, huongeza, "Tena ni msichana, hesabu si kazi yake." Maneno hayo nimeyasikia sana, nami siyakubali.

Tumwangalie mtoto huyo huyo nje ya darasa. Siku ya soko mama yake amemwachia beseni la maparachichi. Mnunuzi achukua matatu, kila moja shilingi 300, kisha atoa noti ya shilingi 5,000. Mtoto amrudishia shilingi 4,100 pasipo kalamu wala karatasi. Jioni asimama kutazama ng'ombe wakiingia zizini, na kabla hajawahesabu asema mmoja hayupo. Akikaa kwenye bao, lenye mashimo 32 na kete 64, ajua kete zake zitaishia shimo gani kabla hajazisambaza. Je, mtoto huyo hana hesabu? Anazo tele. Kitu asicho nacho ni hamu ya ile hesabu ya ubaoni, kwa maana hajaona yamfaa nini.

Basi neno langu la leo ni fupi: mtoto apewe fumbo kwanza, kanuni baadaye. Akishahangaika na fumbo, kanuni ataipokea kama mwenye kiu apokeavyo maji. Akipewa kanuni kabla ya fumbo, ataipokea kama mtu aliyeshiba anayelazimishwa kula.

HASARA TUNAYOIPATA

Hali ya somo hili katika nchi yetu si nzuri. Katika mtihani wa kidato cha nne, tangu mwaka 2019 hadi 2022, kila mwaka katika watahiniwa watano wa Hisabati alifaulu karibu mmoja tu. Mwaka 2023 matokeo yalipanda kidogo, ikawa karibu mmoja katika wanne. Fikiri mwenyewe: darasa la vijana 40, na vijana 30 watoke mikono mitupu katika somo walilolianza tangu siku ya kwanza ya shule.

Yuko mtu atakayesema, "Haya, wameshindwa. Lakini kijijini hesabu za nini?" Mwenye kusema hivyo bila shaka hajauza viazi. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini twaijua vema lumbesa. Gunia likishajaa, mnunuzi hulivika kilemba cha wavu juu yake, na kilemba nacho hujazwa viazi. Bei hubaki ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku, na Wakala wa Vipimo huifuatia, lakini mkulima asiyejua kuhesabu hasara yake hana sauti ya kukataa.

Tufanye hesabu. Gunia linaingia debe 6, na kilemba debe 1. Mkulima anauza magunia 6 ya namna hiyo. Je, amempa mnunuzi debe ngapi za bure? Kila gunia debe moja, magunia sita debe sita, yaani gunia zima! Machoni pa watu yameondoka magunia sita, kumbe yameondoka saba, na la saba halikulipwa. Aliyeuza magunia 30 amegawa magunia matano. Matano! Hiyo ni ada, ni sare, ni mabati ya nyumba.

Kadhalika mchumaji wa chai hulipwa kwa kilo, mwenye shamba la miti huuza mbao kwa vipimo, na mwanachama wa VICOBA hukopa na kurudisha kwa riba. Popote palipo na kipimo pana mtu anayefahamu hesabu na mtu asiyefahamu, nao wakiketi kupatana bei twajua ni nani atakayeinuka amecheka.

SHERIA YA KITENDAWILI

Wazee wetu hawakuwa na ubao, lakini walijua kunoa akili za watoto. Jioni moto ukishawaka, mmoja husema, "Kitendawili!" Wengine hujibu, "Tega!" Naye hutega. Huyu hubahatisha hivi, yule vile. Wote wakishindwa, mwenye kutega hudai, "Nipeni mji." Hupewa mji, labda Iringa au Mbeya, hujifanya amekwenda huko akakaribishwa vizuri, kisha hutoa jibu. Hapo wote hupiga makofi na kusema, "Kumbe!"

Angalia hekima iliyomo. Kwanza, kila mtu ana ruhusa ya kujaribu, hata mdogo wa mwisho. Pili, anayekosa hapigwi wala hatukanwi. Hutoa mji tu, na mji wenyewe ni wa maneno. Tatu, jibu halitolewi upesi, huja baada ya vichwa kutoka jasho. Kwa sababu hiyo likija halisahauliki. Nani kati yetu amesahau vitendawili alivyotegewa na bibi yake? Lakini ni wangapi wanakumbuka kanuni walizokariri darasa la saba?

Darasani mara nyingi twafanya kinyume. Mwalimu huingia, huandika kanuni, hufanya mfano mmoja, kisha hutoa maswali 20 yanayofanana. Mtoto hajauliza kitu, naye tayari amepewa jibu. Na akikosa, huchekwa.

KICHEKO HUUA SWALI

Juu ya kuchekwa, nitakupa habari ya kweli ambayo sehemu yake ilitokea katika mkoa wetu wa Iringa. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza barafu za maziwa: huchemsha maziwa na sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia katika friza. Siku moja nafasi ilikuwa chache, Mpemba akaogopa kuikosa, akatia maziwa yake yangali moto. Alipokwenda kutazama, yake yalikuwa yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa.

Akamwuliza mwalimu sababu. Akaambiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa, hapa Iringa, mwalimu mwingine akamwambia kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Tangu siku hiyo kila alipokosea hata katika hesabu, waliita kosa lake hesabu ya Mpemba, na darasa zima likalichukua neno hilo kuwa mzaha. Wangapi kati ya watoto wetu wangeuliza swali la pili baada ya hapo?

Mpemba hakuliacha swali lake. Huko huko Mkwawa alikuja mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dokta Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama, akauliza lile lile. Wenzake wakacheka. Lakini mgeni hakucheka. Hakuamini kwamba jambo hilo laweza kuwa kweli, hata hivyo aliporudi Dar es Salaam alilifanyia majaribio. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakachapisha habari hiyo pamoja katika jarida la walimu wa fizikia huko Uingereza. Hata leo wataalamu wa dunia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa sababu gani, nao huliita kwa jina la Mpemba. Kijana aliyechekwa ametegea dunia fumbo, na dunia haijatoa mji.

Basi mwalimu, na wewe mzazi, sharti la kwanza la fumbo ni hili: asichekwe mtu. Usipoweza kulitimiza, afadhali usianze.

MAFUMBO MATATU

Sasa tuje kwenye mafumbo yenyewe. Usidhani ni mchezo uliobuniwa jana. Zaidi ya miaka 1,200 iliyopita alikuwako shemasi mmoja wa York, Uingereza, jina lake Alcuin. Mfalme Charlemagne alimwita aje kufundisha katika shule ya jumba lake, na Alcuin alifariki mwaka 804 huko Tours, Ufaransa. Kuna mkusanyiko wa mafumbo ya hesabu kwa Kilatini ambao watu humhesabia yeye, na jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema Maswali ya Kunoa Vijana. Ona neno hilo, kunoa. Shoka hunolewa kabla ya kwenda msituni. Mwenye kufika na shoka butu hushinda kutwa kwenye mti mmoja.

Fumbo la kwanza limo katika mkusanyiko huo, na namna zake husimuliwa pia Afrika, ambapo badala ya mbwa mwitu huwekwa chui. Mtu yuko ukingoni mwa Ruaha Mdogo, ana chui, mbuzi na mzigo wa majani. Mtumbwi unabeba yeye na kitu kimoja tu. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Atavushaje vyote vitatu?

Mpe mtoto kokoto tatu na kipande cha gome, umwache. Atamvusha mbuzi kwanza, hilo huonekana upesi, kwa kuwa chui hali majani. Atarudi peke yake. Sasa amchukue chui au majani, hapo ndipo penye mwiba. Akimvusha chui na kumwacha ng'ambo pamoja na mbuzi, mbuzi ameliwa. Watoto wengi hukwama hapa, kwa sababu wamefikiri kwamba kilichokwisha kuvushwa hakirudi. Dawa ni kumvusha chui, kisha kurudi na mbuzi. Kumwacha mbuzi huku, kuvusha majani. Kurudi peke yake, na mwisho kumvusha mbuzi mara ya pili. Safari saba, nacho kila kitu ni salama.

Fumbo hilo halina kujumlisha wala kuzidisha. Lakini linamfundisha mtoto jambo ambalo atalihitaji katika hesabu zote: kupanga hatua, kukumbuka masharti, na kutoogopa kurudi nyuma kidogo ili apate kwenda mbele.

Fumbo la pili nalo limo katika mkusanyiko ule. Kuna ngazi yenye vipandio 100. Katika kipandio cha kwanza ametua njiwa 1, katika cha pili njiwa 2, katika cha tatu njiwa 3, na kuendelea hivyo hivyo mpaka cha mia, penye njiwa 100. Njiwa wote ni wangapi?

Mtoto mwenye bidii ataanza: moja na mbili ni tatu, na tatu ni sita, na nne ni kumi. Mwache aende. Atachoka, na uchovu huo una faida, maana sasa atatafuta njia. Mwambie, "Tuifupishe ngazi iwe ya vipandio 10." Apange punje za mahindi chini: 1, 2, 3, mpaka 10. Umwulize, "Waweza kuwapanga wawili wawili wapate kumi?" Ataona kwamba 1 na 9 ni kumi, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6. Hizo ni kumi nne. Kipandio cha kumi chenyewe ni kumi ya tano. Tano ya katikati imebaki peke yake. Jumla ni 55.

Sasa mrudishe kwenye ngazi ya 100. Atasema mwenyewe, tena kwa sauti: 1 na 99, 2 na 98, mpaka 49 na 51, ni mia 49. Kipandio cha mwisho ni mia nyingine, ikawa mia 50, yaani 5,000. Hamsini ya katikati imebaki. Njiwa ni 5,050. Siku hiyo mtoto atakwenda kuwatega watoto wa jirani, na hakuna fimbo iliyowahi kumpeleka mtoto kwa jirani kufundisha hesabu.

Hapo ndipo mwalimu aitoe kanuni: chukua idadi ya vipandio, zidisha kwa idadi hiyo iliyoongezwa moja, kisha gawa kwa mbili. Kwa ngazi ya 10, ni 10 mara 11, ambayo ni 110, na nusu yake 55. Kijana atakayekutana na kanuni hiyo sekondari, imeandikwa kwa herufi na kwa lugha ya Kiingereza, hataiogopa. Ataona njiwa.

Fumbo la tatu lafaa kwa wale wanaosumbuliwa na sehemu, na katika shule zetu ni wengi. Waarabu hulisimulia kwa ngamia, sisi tuliweke kwa ng'ombe. Mzee amefariki, ameacha ng'ombe 17 na wosia: mtoto wa kwanza apate nusu, wa pili apate theluthi, wa tatu apate sehemu moja ya tisa. Asichinjwe ng'ombe hata mmoja. Watoto wakashindwa, kwa kuwa nusu ya 17 ni ng'ombe wanane na kipande. Jirani mwenye busara akaleta ng'ombe wake mmoja, wakawa 18. Nusu ya 18 ni 9. Theluthi ni 6. Sehemu ya tisa ni 2. Jumlisha: 9 na 6 na 2 ni 17. Ng'ombe mmoja amebaki, jirani akamchukua wake akaenda zake!

Watoto watasema ni uchawi. Waache wabishane, kisha uulize, "Je, sehemu alizozitaja mzee zatimiza ng'ombe wote?" Watie nusu, theluthi na sehemu ya tisa katika kumi na nane: 9 juu ya 18, 6 juu ya 18, 2 juu ya 18. Jumla ni 17 juu ya 18. Kumbe mzee hakugawa mali yake yote! Imebaki sehemu moja ya kumi na nane ambayo hakuitaja. Uchawi umekwisha, na mtoto amejifunza kujumlisha sehemu zenye asili mbalimbali, ambalo ni jambo lile lile alilolikimbia juma lililopita ubaoni.

KWA WALIMU

Mwalimu, najua utaniambia kwamba watoto ni wengi, darasa moja wafika 80 na kuzidi, na mtihani hauulizi habari za chui. Maneno hayo ni ya haki, yanastahili majibu.

Juu ya wingi, fumbo halidai vitabu. Ladai kokoto, vizibo vya soda, na punje za mahindi, vitu ambavyo havikosekani kijijini. Wagawe watoto watano watano. Tega fumbo mwanzoni mwa kipindi, dakika kumi tu, kisha pita katikati yao ukisikiliza. Kundi lililopata lisiseme jibu, lieleze lilivyofikiri. Kundi lililokosa litoe mji, nalo lipigiwe makofi kwa kujaribu.

Juu ya mtihani, chagua fumbo linaloelekea somo la siku hiyo. Kama ni sehemu, tega ng'ombe. Kama ni uwiano, tega lumbesa. Kama ni kujumlisha namba zinazofuatana, tega njiwa. Fumbo lisiloelekea popote ni kama kumchangamsha mtu kwa ngoma usiku wa kuamkia kupalilia. Atafurahi, na shamba litabaki na magugu.

Wala nisieleweke vibaya. Jedwali la kuzidisha lazima likaririwe, na mazoezi ya daftari lazima yafanywe. Mtu hawezi kufikiri upesi juu ya njiwa 5,050 kama bado anahesabu 7 mara 8 kwa vidole. Fumbo humfanya mtoto alitake jedwali. Kulishika ni kazi ya mazoezi ya kila siku. Kimoja bila kingine ni mguu mmoja.

Jambo jingine: usitoe jibu upesi. Najua inavyowasha ulimi kumwona mtoto amekaribia kisha anapotea. Vumilia. Likibaki mpaka kesho, heri. Mtoto anayelala na fumbo kichwani amefanya kazi ya nyumbani ambayo hakuna aliyemlazimisha.

KWA WAZAZI

Nanyi baba na mama msiseme, "Sisi hatukusoma." Kutega fumbo hakudai cheti. Mama anayegawa chapati tano kwa watoto wanne tayari ana fumbo mkononi. Baba anayepanga miche ya miti shambani anaweza kuuliza, "Nikipanda mistari 12, kila mstari miche 15, nimenunua miche 200, je, itabaki?" Amwache mtoto akatafute. Itabaki 20, naye atatamani kujua kama alivyofikiri ndivyo.

Pia msiwabague watoto wa kike. Katika nyumba nyingi ni msichana anayepima unga, anayetumwa dukani, anayejua sukari itafika siku gani. Anafanya hesabu tangu alfajiri, kisha jioni aambiwa hesabu ni za kaka zake. Akisikia hivyo mara mia ataamini, na kijiji kitakuwa kimepoteza mwuguzi au mwalimu, au mwanamke ambaye angesimama mbele ya mwenye lumbesa na kumwambia, "Ngoja kwanza, la saba ulipe."

Katika miezi ya baridi hapa Mufindi ukungu hushuka mapema na watu wote hukimbilia jikoni. Redio au simu haitanung'unika ikizimwa kwa robo saa. Robo saa moja, fumbo moja, mara mbili kwa juma. Mkifanya hivyo tangu sasa mpaka mwisho wa mwaka, mtoto wenu atakuwa amefikiri mara nyingi pasipo kuogopa, nalo ni jambo kubwa.

FUMBO LA JUMA HILI

Mama amemtuma Anna kisimani. Amempa madumu mawili, moja la lita 5 na moja la lita 3, yote hayana alama ubavuni. Akamwambia, "Niletee lita 4 za maji, zisizidi wala zisipungue." Maji ya kisima ni tele, Anna aweza kujaza na kumwaga apendavyo, lakini hana chombo kingine. Atafanyaje?

Lijaribuni nyumbani kwa madumu yenyewe, si kwa maneno tu. Jibu litatolewa juma lijalo katika ukurasa huu. Watakaoshindwa kabisa, watoe mji wowote waupendao, ila Igowole wasiitoe.